Sanduku la marehemu mama, kaseti 11 na picha iliyokatwa: nianzie wapi?

Swali lilifika hivi, nimelipunguza kidogo tu:

"Mwalimu habari ya siku. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Nakuru, Section 58, lakini nilizaliwa Kisumu, baba alikuwa mtu wa reli tukakaa landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, mpaka nikiwa darasa la 4 ndio akapewa transfa ya Nakuru. Baba alienda kitambo, mama tulimzika mwaka juzi. Sasa ndugu zangu wanataka kubomoa nyumba yake kule dala, yaani kwetu kijijini, kabla ya Disemba, nikaenda nikachukua sanduku lake la bati. Ndani kuna picha kama 200, zingine zimeshikana, zingine zimekwama kwa kioo cha fremu, kaseti 11, barua, leso zake. Kuna picha moja ya mama akiwa msichana imekatwa na makasi, amebaki yeye na mkono wa mtu begani. Kila usiku watoto wakilala nafungua, naangalia, nalia, nafunga. Mzee wa nyumba anasema nimeanza kuishi zamani na nitagonjeka. Je, huu ni ugonjwa? Na hivi vitu nivihifadhi aje visiishie kuliwa na mende? Mama mkubwa, dada yake mama, bado yuko, ana miaka 79, anakaa Ahero. Nyar Kisumu."

Nyar Kisumu dadangu, pole sana. Nimesoma mara mbili, na mara ya pili nilikwama hapo kwa nafungua naangalia nalia nafunga, maanake hiyo sentensi nimeisikia kwa watu wengi kuliko unavyodhani, hata wanaume wazima wenye vitambi vyao. Mimi nilianza kwa studio ya picha hapa Kisumu nikiosha negativi gizani, siku hizi nasaidia familia kuhamisha kaseti na picha na kuwarekodi wazee wao kabla hawajatutoka, kwa hivyo mengi nitakayokuambia ni ya mikono kuliko ya vitabu.

Ugonjwa sio. Lakini mzee wa nyumba naye hakuitoa hewani, kwa sababu neno nostalgia lenyewe lilizaliwa kama jina la ugonjwa. Mwaka wa 1688 kijana mmoja aliyekuwa anasomea udaktari pale Basel, Uswisi, anaitwa Johannes Hofer, alichukua maneno mawili ya Kigiriki, moja la kurudi nyumbani na lingine la maumivu, akayashona pamoja. Alikuwa anaongea juu ya watu wa Uswisi waliokuwa mbali na kwao, hawali, hawalali, wanakonda, wanawaza nyumbani tu, na dawa yenyewe ya uhakika akaona ni mtu arudishwe kwao. Watu wakaamini hivyo kwa muda mrefu. Siku hizi wanaosomea mambo ya akili wamegeuza kabisa, kuna kundi la Chuo Kikuu cha Southampton kule Uingereza, akina Constantine Sedikides na Tim Wildschut, wameichunguza hii kitu tangu miaka ya 2000, na chenye walipata ni kwamba hamu ya zamani mara nyingi inakuja mtu akiwa mpweke au roho ikiwa chini, na ikishakuja inamwinua, inamkumbusha bado ana watu wake. Na ukisikiliza hizo kumbukumbu zenyewe mtu hayuko peke yake, yuko mezani, yuko kwa sherehe, yuko kwa treni na ndugu zake wanagombania dirisha. Ni kama jasho tu, linatoka kwa sababu kuna joto, na kazi yake ni kukupoza.

Kinachonipa wasiwasi kidogo sio kulia, ni vile unalia peke yako usiku na asubuhi sanduku limefungwa kama bangi. Lifungue mchana, watoto wakiwepo. Lakini ukiona wiki nyingi zinapita hulali, huli, kazi imekushinda, hata watoto unawaona kama wako mbali, hapo enda hospitali ya kaunti uulize mshauri nasaha, hiyo ni huzuni ya msiba imekaa vibaya na kuhamisha kaseti hakutaitibu.

Sasa nije kwa kazi. Kosa lenye karibu kila mtu anafanya ni kuanza na sanduku. Wewe anza na mama mkubwa. Picha zimekaa humo miaka 50, zitakaa mwezi mmoja zaidi, lakini mtu wa miaka 79 huwezi kumwekea tarehe. Na kitu cha kwanza kupotea kwa familia sio picha, ni majina. Kuna familia moja iliniletea boksi la picha safi kabisa, nyeusi na nyeupe, wanaume na suti, viatu vinang'ara, mmoja ameshika baiskeli kama ameshika farasi, na hakuna mtu hata mmoja kwa ile nyumba alijua wale ni akina nani, yule bibi wa mwisho aliyejua walikuwa wamemzika wiki tatu kabla. Waliniuliza kama nataka hizo fremu.

Kwa hivyo wikendi hii panda matatu uende Ahero. Beba picha 15, 20 ikizidi sana, usimbebee zote 200 atachoka na ya thelathini atakuwa anasema sijui huyu hata kama ni yeye mwenyewe. Enda asubuhi, kwa sababu kule mvua ya jioni ikianguka kwa mabati hata ungekuwa na maiki ya bei gani hutasikia kitu. Zima tivi, weka simu yako hali ya ndege isipigwe katikati, ilaze juu ya leso iliyokunjwa mara nne mezani isichukue kishindo cha vikombe, na uiangalie kama inarekodi kweli, rekodi dakika moja, sikiliza, halafu endelea. Kuku wakilia waache. Miaka 20 kutoka sasa hao kuku ndio watakuliza.

Usimwambie "mama mkubwa tuambie historia ya maisha yako". Atakupatia ile ya programu ya mazishi: nilizaliwa mwaka fulani, nikasoma, nikaolewa, Mungu akanibariki na watoto kadhaa. Mpe picha moja mkononi, nyamaza. Halafu uliza vitu vidogo vidogo: hii nguo nani alishona, ulikuwa ukija landi kumwona mama unalala wapi, maji mlichota wapi, jirani wa ukuta alikuwa mtu wa wapi na alikuwa anapika nini mpaka harufu inawafikia. Akinyamaza na wewe nyamaza, hesabu mpaka kumi kimoyomoyo, mara nyingi kitu kizuri kinakuja ile ya nane. Na mwache aongee Dholuo, tafadhali, usimlazimishe Kiswahili ndio watoto wako wa Nakuru waelewe. Watoto watatafsiriwa baadaye, lakini vile yeye anacheka kwa Dholuo havitafsiriki. Zamani kulikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi mzee ambapo wasichana walikuwa wanalala na kusikia sigana, yaani hadithi, na vitendawili, na hakuna mtu pale alikuwa anauliza hadithi ni ya saa ngapi, ilikuwa inaisha usingizi ukishika. Kaa na huo mwendo.

Kuna mzee mmoja wa reli nilimrekodi, hata jina la mjukuu aliyekuwa amemshika mkono lilikuwa limempotea. Nikamuuliza tu, mzee, treni ikitoka Nakuru kuja huku inapitia wapi? Akafunga macho. Njoro, Elburgon, Turi, Molo, Mau Summit, Londiani, Lumbwa, hiyo alikataa kabisa kuiita kwa jina lake jipya la Kipkelion, Fort Ternan, Koru, Muhoroni, Chemelil, Kibigori, Miwani, Kibos, Kisumu. Kwa kila stesheni akashuka: hapa kuna baridi ya kukata, hapa tulikuwa tunanunua ndizi, hapa kuna msichana, halafu akafungua macho akaangalia kama mkewe yuko karibu. Tulikaa Londiani nusu saa. Reli ilifika Kisumu 1901 na yeye alizaliwa miaka mingi baadaye, lakini ungedhani aliijenga. Na hii si bahati, watafiti wameona kwamba watu wakizeeka, vitu wanavyokumbuka kwa wingi na kwa rangi ni vya kati ya miaka 10 na 30 hivi. Kwa mama mkubwa wako hiyo ni kama 1956 mpaka 1976. Ukimuuliza ya 2015 utamwonea bure, muulize alikuwa wapi siku ya uhuru.

Hiyo pia ndio njia ya kupata tarehe za picha. Wazee wengi hawatakuambia mwaka, lakini watakuambia hii ilikuwa kabla ya waziri Tom Mboya kuuawa, basi unajua ni kabla ya Julai 1969. Mzee Kenyatta alikuwa amekufa? Hiyo ni Agosti 1978. Watu walikuwa wanaongea juu ya lile jaribio la mapinduzi? Agosti 1982. Mlikuwa mnakunywa maziwa ya Nyayo shuleni, yale ya bure ya enzi za Rais Moi? Hiyo hata wewe unaweza kujibu, na najua ukisoma hapo umekumbuka ile pakiti ya pembe tatu na venye ilikuwa inapasukia kwa begi.

Ndugu yako mkubwa akisikia hiyo rekodi atasema mama mkubwa anadanganya, haikuwa hivyo. Usigombane, mrekodi na yeye, uweke zote mbili. Mwingereza mmoja anaitwa Frederic Bartlett aliandika tangu 1932 kwamba mtu akikumbuka hatoi kitu kabatini kama alivyokiweka, anakijenga upya kila mara na vifaa alivyo navyo siku hiyo. Kwa hivyo kutofautiana ni kawaida, na kwa kweli pale wanapotofautiana ndio huwa pana utamu.

Baada ya mama mkubwa, kaseti. Hapa niungame. Nikiwa darasa la 7 nilitaka kurekodi benga kwa redio na sikuwa na kaseti tupu, nikachukua moja ya dani, yaani bibi yangu, iliyokuwa kwa dirisha, nikarekodi juu yake pande zote mbili. Ilikuwa dani anaeleza vile walihama na ng'ombe wao, mjomba alikuwa amemrekodi likizo moja. Iko mpaka leo, muziki safi, na mwisho wa upande B kuna sekunde 12 za sauti yake zenye muziki haukufika. Sekunde 12 tu. Hakuna mtu alinichapa kwa sababu hakuna mtu aligundua mpaka akafa.

Kwa hivyo kabla hujafanya lolote, angalia mgongo wa kila kaseti, kule juu kuna vijimeno viwili vya plastiki, vivunje na kisu. Vikivunjika redio haiwezi tena kurekodi juu yake, kwisha. Ukanda wenyewe ni plastiki nyembamba imepakwa unga wa sumaku na gundi, na hiyo gundi inazeeka, joto na unyevu wa huku kwa ziwa unaharakisha. Philips walileta hizi kaseti 1963 na sidhani kuna mtu aliwaza zitatakiwa kudumu miaka 60. Usizitumbukize kwa ile redio kuukuu ya jikoni inayokula mikanda. Tafuta deki nzuri, omba hata kwa kanisa, safisha kichwa chake na pamba ya masikio na spiriti, acha kikauke. Angalia kwa kaseti kale kasponji kadogo katikati kama bado kako, mara nyingi kameanguka, fundi anaweza kuhamisha kutoka kaseti nyingine. Halafu izungushe na biro, ile kazi tulifanya wote kuokoa betri, uone kama inapita bila kushika, kisha ipeleke mbele yote na kuirudisha yote kabla ya kucheza.

Waya kutoka tundu la hedifoni la deki mpaka kompyuta, programu ya Audacity ni ya bure, unahifadhi faili ya WAV kwanza, hiyo ni sauti nzima bila kubanwa, MP3 iliyobanwa utatengeneza baadaye ya kutuma. Ya dakika 60 itachukua dakika 60, hakuna mkato. Kama huna waya kabisa na huna mtu, basi hata kuweka simu karibu na spika ni afadhali kuliko kungoja. Na usikate kitu. Kuna mama nilimhamishia kaseti ya babake, kabla hotuba haijaanza kuna kama sekunde 40 za kelele, kiti kinavutwa, mtu anakohoa, halafu mzee anauliza kwa sauti ya chini, "Imeshika? Hebu angalia kama imeshika." Hotuba yenyewe huyo mama hajairudia hata mara moja. Hiyo "imeshika" ndio aliniomba nimwekee kwa simu peke yake.

Picha sasa, nitaenda haraka kidogo. Zile zimekwama kwa kioo usivute. Usiloweshe, usipashe joto na hair dryer, usimsikilize fundi wa fremu. Ziskani hivyo hivyo na kioo chake, au uzipige picha mchana kando ya dirisha, kioo kielekee upande usio na mng'aro, uchukue simu moja kwa moja kutoka juu. Zile zimeshikana zenyewe kwa zenyewe ziache mpaka upate mtu wa kazi hiyo. Zile za rangi za miaka ya 70 zimegeuka nyekundu nyekundu kama zimeloweshwa chai, hiyo ni rangi ya samawati imekufa hata bila jua, kwa hivyo hizo ziskani kabla ya zile nyeusi na nyeupe, ambazo ni za madini ya fedha na zitakuzika hata wewe. Albamu zile za kunata zenye plastiki juu, tulizipenda sana miaka ya 80, ile gundi ndiyo adui, kama picha inatoka kwa upole pitisha uzi wa meno nyuma yake, ikikataa piga ukurasa wote picha uachane nayo.

Na lamineshoni! Najua sisi Wakenya tukipenda kitu tunakipeleka kipigwe lamineshoni, cheti cha kuzaliwa, KCPE, picha ya harusi. Kwa picha ya zamani hiyo ni kuizika hai, moto na gundi havitoki tena milele.

Majina andika nyuma na penseli laini, pembeni, kwa mkono mwepesi, biro inachora mpaka mbele. Kuskani, picha ndogo ndogo zipe 600 dpi, hicho ni kipimo cha ukali wa skani, cyber wakikuambia 150 inatosha waambie hapana, unalipa wewe. Faili ianze na mwaka, kitu kama 1974_Kisumu_landi_mama-na-mama-mkubwa, kama mwaka hujui andika 197x, hakuna aibu. Halafu nakala tatu, kwa vitu vya aina mbili tofauti, moja ikae nyumba nyingine kabisa, tuseme moja kwa laptopu, moja kwa hadi diski yenye utampa ndugu yako, moja mtandaoni. Flashi sio mahali pa kuweka mama yako, hizo zinakufa bila kuaga. Na ukizituma kwa grupu la familia pale WhatsApp zitume kama dokumenti, zikienda kama picha za kawaida zinabanwa, na mwaka kesho kila mtu atadhani ile iliyofifia ndio orijino.

Sanduku lenyewe la bati ni zuri tu, mama alijua. Lipanguse, likauke kabisa, funga picha kwa karatasi nyeupe safi, sio gazeti na sio mfuko wa nailoni, weka vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinakuja na viatu vipya, na liinue kwa mbao likae mbali na sakafu na mbali na mabati ya juu. Kila baada ya miezi michache lifungue lipumue, mende hapendi kusumbuliwa.

Lakini si kila kitu kihifadhiwe, na hapa wengi wananikasirikia. Makochi, vikombe vya malamini, ile saa haijatembea tangu 1994, tupa au peana. Kipige picha kwanza, rekodi dakika mbili ukieleza kilikuwa kinakaa wapi, halafu kiende. Nimeona watu wamegeuza nyumba ndogo ya Nakuru kuwa stoo ya marehemu, watoto hawana pa kusomea, na hapo ndio mume anaanza kusema ya mume wako.

Leso ndizo usiweke tu. Moja ihifadhi bila kufua, ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, kwa sababu harufu inaingia kwa ubongo njia ya mkato, karibu moja kwa moja mpaka pale kumbukumbu na hisia zinapokaa, ndio maana unaweza kunusa moshi na omena ukajikuta landi kabla hujajua kwa nini. Zingine peleka kwa fundi akushonee blanketi la viraka, au foronya, au shuka la mezani la Krismasi, ile jina iliyoandikwa kwa leso iachwe ionekane. Kuna familia ya mtaa wa Migosi hapa Kisumu ilishonesha blanketi tano kutoka kwa nguo za baba mmoja, mashati ya kazi na suruali, kila mtoto moja, na hakuna aliyegombania kitu kingine baada ya hapo, isipokuwa shamba, hiyo ni kesi tofauti.

Kitu kingine ningefanya ni ramani ya landi. Nunua karatasi ya manila, ita ndugu zako wote mkikutana Disemba, kila mmoja na rangi yake ya kalamu, mchore: nyumba yenu hapa, mfereji hapa, choo cha laini hapa, reli hapo, kwa nani kulikuwa na tivi, wapi mlikatazwa kucheza. Ndugu zako hao wa kubomoa, wape kalamu uone. Mimi nimeona mwanaume aliyekuja kuchukua tu gari lake amepiga magoti sakafuni anabishana kuhusu mti wa mwembe ulikuwa upande gani. Na chakula, kama kuna kitu mama alikuwa anapika chenye hakuna mwingine anaweza, tuseme aliya yake, ile nyama ya kukausha, muombe mama mkubwa aipike na umrekodi mikono, sio uso. Muulize chumvi kiasi gani, atasema tu unaona, basi simu na ione.

Programu za mazishi pia, usidharau. Huku kwetu kila mazishi yana kile kitabu kidogo chenye picha na wasifu, na pale kuna nasaba za watu zenye hazijaandikwa mahali pengine popote, aliolewa na nani, alizaliwa wa ngapi, alifanya kazi wapi. Kusanya za ukoo wote, ni bure, ziko chini ya magodoro ya watu.

Barua zisome wewe kwanza, peke yako, kabla hazijaenda kwa grupu. Wazazi walikuwa watu kabla ya kuwa wazazi, na unaweza kukuta kitu kuhusu pesa au kuhusu mtu mwingine. Ukikuta, funga kwa bahasha, andika juu tarehe ya kufunguliwa, miaka 20 kutoka sasa hivi.

Kuhusu nyumba, mambo ya mila nani abomoe na lini hayo waulize wazee wenu, mimi sigusi. Ila kabla ya siku hiyo enda uipige picha kila ukuta, hata alama za urefu wenu kwa fremu ya mlango kama ziko. Halafu weka simu mfukoni ukae ndani hata saa moja bila kufanya kitu. Mtafiti mmoja Mmarekani, Linda Henkel, alichapisha jaribio 2014, watu walitembezwa makumbusho, vitu walivyovipiga picha vizima wakavikumbuka vibaya kuliko vile walivyoviangalia tu kwa macho, ni kama ubongo unasema basi simu imeshika, mimi nipumzike. Wale waliovuta karibu kipande kimoja tu cha kitu hawakupata hiyo hasara. Kwa hivyo piga pembe ya jiko ambapo moshi ulichora ukuta, piga kitasa, halafu kaa.

Na ile picha iliyokatwa. Hiyo najua ndio ilikufanya uandike. Iskani na ukingo wake wote, pande zote mbili, 1200 dpi, uone kama nyuma kuna muhuri wa studio au mwandiko. Usimpe kijana wa fotoshopu aitengeneze, na hizi apu za kuijaliza na kuifanya itabasamu ziache kabisa, zitakutengenezea bega na uso wa mtu hajawahi kuzaliwa na watoto wako watamwita babu. Angalia huo mkono vizuri ukiukuza: una pete, una saa, ni wa mwanamke au mwanaume, ukucha, kofi ya shati. Inaweza kuwa rafiki yake wa shule tu waligombana. Mama mkubwa umwonyeshe hiyo ya mwisho kabisa, chai ikishaisha, mkiwa wawili, ndugu zako wasiwepo na simu ikiwa imezimwa mpaka yeye mwenyewe akubali iwashwe. Na akikataa kusema, usimsukume, ukifika nyumbani andika kwa daftari kwamba alikataa, na tarehe, na vile aliangalia hiyo picha kabla ya kukurudishia.